Mwalimu wa Kwaya Aliyefunga Madirisha

Ukipanda gari la Mwalimu wa kwaya, salamu ilikuja baadaye. Kwanza dirisha. "Funga hiyo, mama. Funga mpaka juu." Jua la Lodwar liko utosini, wewe umetoka sokoni jasho linakutiririka mgongoni, na mtu anakuamuru ujifungie ndani ya bati. Ukikawia, alisimamisha gari katikati ya barabara akangoja, mikono juu ya usukani, macho mbele, kama anayesubiri darasa linyamaze. Malori ya samaki kutoka Kalokol yalimpigia honi kwa nyuma. Hakujali. Dirisha likishafungwa ndipo aliposema, "Ejok," na kukuuliza habari za nyumbani.

Mimi nauza spea za magari hapa Lodwar, na kanisani naimba alto. Kwa hiyo nilimjua kwa pande mbili: kama mwanakwaya wake, na kama mtu aliyemuuzia balbu, mkanda wa feni, na oili ya bei ya chini kabisa niliyokuwa nayo. Wenzangu wengi wanamkumbuka kwa nyimbo peke yake. Mimi siwezi kuzitenganisha nyimbo zake na lile gari lake jeupe, dogo, la aina ambayo nusu ya Kenya inaendesha. Kila nikiona gari kama hilo likipita mbele ya duka langu, moyo wangu unauma kidogo, na sioni haya kusema hivyo.

Hakuwa na kinanda. Kwaya zake hazikuwa za kuwa na kinanda: moja hapa Lodwar, moja Kakuma mjini, moja ndani ya kambi ya Kakuma ya ndugu zetu wa Sudan Kusini, na mara mojamoja ile ya Kaikor, shule ikifungwa na walimu wakapata nafasi. Alichokuwa nacho ni koo. Alisimama mbele yetu, akafumba macho kidogo, akatoa noti moja ya do iliyonyooka, na do hiyo ilikuwa ileile Alhamisi na Jumapili, ameshiba au ana njaa. Halafu alipita kwa kila sauti akiiimbia mstari wake. Sisi wa alto alituimbia kama mwanamke aliyechoka lakini anayejiheshimu. Besi aliitoa tumboni. Akifika kwa soprano alipanda juu kwa sauti nyembamba, wasichana wakaangua kicheko, na kicheko kikaisha walipogundua kwamba amewapita. Hatukuwa na karatasi za muziki za kutosha, na wengi wetu tusingeweza kuzisoma. Wimbo ulitoka kooni mwake ukaingia masikioni mwetu, basi, hiyo ndiyo njia tuliyokuwa nayo.

Hiyo ndiyo sababu ya madirisha. Nilipomlalamikia joto siku moja, alinijibu bila kukasirika. "Alto, seremala anaficha msumeno yake mvua isipate. Mimi msumeno yangu iko hapa, na mvua yake ni vumbi." Akajigusa kooni kwa vidole viwili.

Aliniita Alto hivyohivyo popote. Majina ya watu yalimpita kama maji ya laga, mto wa siku moja ya mvua, lakini sauti hakuisahau hata moja. Sokoni alipaza, "Alto! Hii kabeji umenunua wapi?" na watu wakageuka kuniangalia. Afisa mmoja mkubwa wa serikali, mtu wa suti na walinzi, aliwahi kuitwa "Tena" mbele ya wageni wake kwa sababu tu zamani aliimba sauti ya tena kwenye kwaya ya shule. Afisa alisimama wima akaitika, "Ndiyo, Mwalimu."

Kwa ubahili wa gari hakuwa na mfano. Tairi zake zililika mpaka waya zikachungulia. Alisugua meno kwa kijiti cha mswaki kama wazee, akasema dawa ya meno ni mzigo. Lakini viti vya gari hilo havikuwahi kuwa vitupu, na nauli hakutoza. Alitoza wimbo. "Beti mbili," alisema ukishakaa. "Ukijua tatu, tutafika haraka." Askari wa vizuizi walimwimbia. Muuza mahindi alimwimbia. Mara moja, kabla ya kufika Kakuma, alimchukua mzee wa mifugo aliyekuwa na mbuzi mdogo mapajani. Mzee hakujua wimbo wa kanisa hata mmoja, akamwimbia ule wa kumsifu dume lake la ng'ombe, jinsi pembe zilivyopinda na mabaka yalivyokaa mgongoni. Mwalimu aliegesha kando ya barabara mpaka alipouelewa wote. Krismasi iliyofuata tukamwimbia Mtoto Yesu kwa sauti ya wimbo wa dume lile. Wazee wa kanisa walinuna, wakamwambia ule ni wimbo wa ngoma na wa ng'ombe. Akawajibu, "Hiyo ng'ombe imeokoka." Wimbo huo tunauimba mpaka leo.

Alichukia kuchelewa kuliko alivyochukia uwongo, na hakuna siku aliyofika kwa wakati. Alitufungia mlango wa kanisa tukichelewa, tukakaa nje na jua letu. Yeye mwenyewe alifika tumeshachoka kumngoja, kwa sababu alikuwa amemshusha mama mmoja hospitalini, amempeleka mwingine nyumbani na magunia yake, amerudi kumtafuta mtu aliyesahau mwavuli. Ukimtajia jambo hilo alishangaa kweli. "Mimi sikuchelewa. Mimi nilikuwa njiani."

Na kwa sababu madirisha yalifungwa, gari lilihitaji baridi. AC ndiyo anasa pekee aliyojiruhusu, na hata hiyo aliitetea kama kifaa cha kazi. Mtu aliyebishana nami juu ya bei ya balbu alijaza gesi ya AC bila kunung'unika. Kisha upepo ukaanza kupungua. Feni ilipiga kelele nyingi na kutoa pumzi ya mgonjwa. Huku kwetu, upepo wa AC ukipungua, kila mtu anajua neno moja tu: gesi. Akajaza. Ukarudi kidogo, ukapungua tena. Akajaza tena. Tungemuuliza nani? Hata mimi mwenye duka sikuwa nimewahi kuweka ile filta ya kabini, ile inayochuja hewa ya abiria. Filta ya injini nilikuwa nayo, ya oili, ya dizeli. Hii nyingine hakuna aliyeiulizia, na kitu kisichoulizwa dukani kwangu kinazeekea kwenye rafu.

Hatimaye aliliacha gari kwa fundi mmoja wa hapa mjini, akaenda zake kufundisha. Aliporudi alikuta kazi imekwisha. Fundi alimwonyesha kitu kama kipande cha mkeka kilichooza, rangi ya udongo, kimejaa majani ya mgunga na manyoya ya mbuzi.

"Hii ndiyo ilikuwa inaziba upepo, Mwalimu. Nimeitoa. Nimefungua dashibodi yote, yote, ona hata mgongo yangu."

"Na ingine ya kurudisha?"

"Ya nini? Hiyo ni ya watu ya Nairobi, ya lami. Huku inajaa haraka. Utakuwa unafungua dashibodi kila mwezi? Na dashibodi ikifunguliwa sana, waya zinakatika."

Maneno hayo Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeniletea, siku hiyohiyo, akiwa na furaha ya mtoto. Aliniita nje ya duka, akaniketisha kwenye kiti cha abiria, akafunga madirisha, akawasha feni. Upepo ulitoka kama uko jangwani. Karatasi za wimbo zilizokuwa juu ya dashibodi ziliruka mpaka kiti cha nyuma. "Unaona? Unaona, Alto? Kumbe tulikuwa tunajaza gesi bure!" Nilicheka naye. Nilifurahi kwa ajili yake. Madereva wengi wa hapa walikuwa wanaendesha hivyohivyo, na wengine bado, na kila mmoja atakuapia kwamba gari lake halijawahi kuwa na upepo mzuri kama huo.

Lami ya kwenda Kakuma imeturahisishia maisha, sikatai. Lakini makanisa ya Mwalimu hayakuwa kando ya lami. Ukiacha barabara kubwa kwenda kambini, au ukielekea Kaikor, unarudi kwenye vumbi letu lenyewe, lile laini kama unga, linaloingia kwenye sukari na kwenye saa ya mkononi. Ukifuata lori unapaswa kurudi nyuma na kungoja litulie. Mwalimu hakungoja. Kwa nini angoje, madirisha yamefungwa na upepo wa baridi unampiga usoni? Alipita katikati ya vumbi akiimba.

Baadaye alianza kuona unga juu ya dashibodi. Aliufuta kwa leso, kesho yake upo. Alilaumu mipira ya milango. Mtu bahili kama yule alikuja kwangu akanunua mipira mipya ya milango minne, bila kubishana. Vumbi likaendelea. Akakata tyubu ya baiskeli, akaziba chini ya milango na kuzunguka buti. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya gari na gundi mkononi, jasho likimdondoka puani, akitafuta tundu. Gari lile lingeweza kuvuka ziwa bila kuingia maji. Kila tundu alilipata isipokuwa moja, lile la mbele, ambalo feni ilikuwa ikivutia hewa moja kwa moja kutoka barabarani na kumpulizia mdomoni.

Do yake ikaanza kuchelewa. Mwanzoni tulidhani anatafakari. Alifumba macho, akakohoa kidogo nyuma ya leso, ndipo ikatoka. Kisha akaacha kuwaimbia soprano. "Nyinyi sasa ni watu wazima," aliwaambia, "tafuteni wenyewe." Wakajiona wamepandishwa cheo. Mimi niliyekaa karibu yake safarini nilisikia kifua chake kikikwaruza akivuta pumzi. Alikunywa tangawizi na limau. Alikunywa asali. Mama mmoja wa Kaikor alimpa mafuta ya mkia wa kondoo kwenye chupa, akawa analamba kijiko kimoja kabla ya mazoezi na kukunja uso, sisi tukimcheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati huo.

Daktari alimwambia apumzishe sauti na aepuke vumbi. Alipotusimulia alionekana kuonewa. "Ananiambia niepuke vumbi. Mimi! Nani katika Turkana hii yote anafunga madirisha kama mimi?" Tulikubaliana naye kwamba daktari hajui watu.

Nataka kuwa mkweli hapa. Siwezi kuapa kwamba ni gari lililomla sauti. Alifundisha kwenye madarasa yasiyo na vioo, alasiri, wakati upepo wa Kakuma unapoamka. Alipaza sauti kupita kiasi, na kupumzika hakujua. Labda ingekwisha hata hivyo. Yeye mwenyewe hakutaka kusikia hiyo labda. Siku moja jua la asubuhi lilipenya kioo cha mbele wakati feni inazunguka, akaliona kwa macho yake: vumbi jembamba, linatoka kwenye matundu ya upepo, linamjia. Mkewe aliniambia alirudi nyumbani, akakaa kwenye gari lililozimwa, asitoke hata alipoitwa chakula.

Nani alimwambia arudishe filta? Wengi, baada ya siku hiyo. Aliyekuwa na jibu ni yeye. "Nifungue dashibodi tena? Hapana." Alikuwa ameliona gari moja Kakuma lililofunguliwa dashibodi, halikufungika tena sawasawa, waya zikining'inia kama utumbo, na mwenyewe akaliuza kwa hasara. Fundi alikuwa amemwambia wazi waya zinakatika. Na gari hilo ndilo lililokuwa likimfikisha kwa kwaya zake. Akipoteza gari, atapoteza Kakuma na Kaikor kwa siku moja. Kwa hiyo alitafuta njia ya bei nafuu ya kwake mwenyewe.

Kwaya ya kambini ilikuwa imeshona majoho mapya. Yale ya zamani, ya kijani yenye kola nyeupe, walimpa yeye, maana hakuna mtu anayetupa joho. Mwalimu akayakata vipande, akaviviringisha kwenye matundu ya upepo na kuvifunga kwa mpira. Tundu la kati alilivalisha kola nzima. Mama aliyepiga ngoma katika kwaya hiyo, mwanamke mrefu wa Sudan Kusini ambaye hakumwogopa mtu, alipanda gari akaikazia macho ile kola.

"Mwalimu. Hii si nguo yangu?"

"Ni yako."

"Sasa inafanya nini hapa?"

"Inafanya kazi. Haichelewi mazoezi kama wewe."

Mama yule alicheka mpaka akafungua dirisha kutafuta hewa, na Mwalimu akasimamisha gari.

Yeye na mama wa ngoma walikuwa wamegombana tangu siku ya kwanza. Mwalimu alitaka wimbo usimame kwa sauti nne tupu, kila mtu na mstari wake. Kwaya ya kambini iliimba Kiarabu cha Juba juu ya ngoma, mwili mzima ukishiriki. "Hii ngoma ikinyamaza, Mwalimu, wimbo inakufa," mama alimwambia. "Wimbo ikihitaji fimbo ndiyo itembee, hiyo ni mgonjwa," alimjibu. Hakuna aliyeshinda. Ngoma ilibaki, sauti nne zikajengwa juu yake, na nilimwona Mwalimu zaidi ya mara moja akitikisa kichwa kwa mdundo huo akidhani hakuna anayemtazama.

Nguo zilishika vumbi, ni kweli. Zilishika upepo pia. Joto likazidi, abiria nusura wazimie, na yeye mwenyewe akawa anazivua kila akishindwa kuvumilia, anavuta baridi kidogo, anazirudisha. Jumamosi mkewe alizifua zikatoka maji ya rangi ya chai, akazianika kambani pamoja na shati zake. Ukipita kwao ungedhani wamepata watoto wadogo wa kwaya.

Sasa nafika mahali nisipopenda kufika. Kulikuwa na mkutano wa kwaya hapa Lodwar. Za Kakuma zilikuja zote mbili, Kaikor wakaja juu ya lori, Kalokol wakaja wamevaa bluu. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa pamoja, ule wa dume la ng'ombe, na Mwalimu ndiye wa kutuanzishia. Alisimama juu ya kisanduku cha soda. Akafumba macho. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hewa. Watu wa nyuma waliinamisha vichwa, wakadhani anaomba. Alijaribu tena. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na niliona mshipa wa shingo yake ukisimama, midomo ikiwa imeshika umbo la do kamili, na hakuna sauti. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa kutupokea. Ulibaki hewani.

Mama wa ngoma alipiga pigo moja akaanzisha yeye. Alianzisha juu mno. Soprano walipiga kelele badala ya kuimba, besi walipotea, tukavutana mpaka mwisho, na watu wakatupigia makofi mengi kwa huruma. Mwalimu alishuka kwenye kisanduku. Alikunja leso yake vizuri, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni, na hakusimama mbele yetu tena tangu siku hiyo.

Tulijaribu kumrudisha. Tulimwambia aje akae tu, aongoze kwa mikono. Alituma salamu. Alihamia upande wa Kakuma kwa shemeji zake, na tukawa tunasikia habari zake kwa madereva. Tulipata simu yenye kinanda ndani yake, sasa ndiyo inatupa do. Inatoa do safi, sina lawama. Lakini haimwimbii alto mstari wake, na wimbo mpya hatujajifunza kwa muda mrefu.

Filta ilinijia baada ya hapo, na ilikuja kwa miguu yake. Dada mmoja muuguzi, anayeendesha gari lake mwenyewe, la aina ileile ya Mwalimu, kwenda kazini Kakuma, aliniulizia filta ya kabini. Sikuwa nayo. Aliniachia ya zamani iwe kipimo, nikaagiza Nairobi, ikaja na basi. Si ile ya kampuni, ni ya kuiga, ya bei rahisi. Dada aliangalia kingo zake kama zinabana vizuri, akaangalia mshale wa upepo, akaibadilisha palepale mbele ya duka wakati chai yake inapoa. Nilisimama na kikombe mkononi nikamtazama. Alikuwa hajashika hata bisibisi.

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi. Ukipita vumbi nyingi unaitoa unakung'uta. Usioshe na maji. Ikichoka unaweka ingine."

Tangu hapo ninaziweka. Bei yake haifiki kujaza gesi mara moja. Nimewaonyesha madereva wengi, na nimemtumia Mwalimu ujumbe kwa zaidi ya dereva mmoja: aje, ni kazi ndogo. Jibu lilirudi lilelile, kwamba dashibodi yake hakuna wa kuifungua tena.

Alikuja mwenyewe, kumbe kwa balbu. Ilikuwa asubuhi, duka halijachangamka. Nililiona gari kwanza, likiwa na nguo zake za kijani usoni, zimepauka mpaka kuwa rangi ya majivu. Alikuwa amekonda. "Ejok, Alto," alisema, nami niliona midomo kabla ya kusikia kitu, ikabidi nisogee. Alizungumza kwa mnong'ono, kila neno likiwa na kazi yake. Mke hajambo. Shemeji hawajambo. Balbu ya kulia imeungua.

Nilimwekea balbu. Kisha nikachukua filta kwenye rafu, sikumwomba ruhusa, nikaenda upande wa abiria. Alinifuata akitikisa kidole.

"Hapana dashibodi."

"Sifungui dashibodi, Mwalimu. Kaa hapo. Nikivunja kitu nitakupa gari yangu."

Alikaa kwenye kiti cha dereva, mkono mmoja kwenye usukani, tayari kuondoka. Nilifungua kile kidroo kilicho mbele ya abiria. Nilitoa vitu vyake: chaki, kijiti cha mswaki, pakiti ya peremende za tangawizi. Nilibana droo pande zote mbili, ikashuka yenyewe mpaka magotini. Nyuma yake kulikuwa na kifuniko chembamba cha plastiki. Nilikivuta. Ndani kulikuwa na nafasi tupu, ya ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na chini yake feni ikiwa imevaa vumbi nene kama manyoya. Nilichota kwa brashi, nikachota tena, nikalijaza gazeti. Mwalimu aliliangalia gazeti. Niliitelezesha filta mpya, nyeupe, mshale ukitazama chini, nikarudisha kifuniko, nikainua droo ikabana mahali pake.

Mwanamke alipita na mzigo wa kuni, akatusalimu.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Mwalimu.

Nimekuwa muuza spea kwa miaka mingi na sijawahi kutamani kazi iwe ngumu. Siku hiyo niliitamani. Nilitaka kumwambia kwamba gari lake lina bahati, kwamba mengine ni lazima yafunguliwe mpaka injini, kwamba fundi yule huenda alikuwa na sababu zake. Uwongo mzuri ulikuwa mdomoni, tayari. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake, na alikuwa akinitazama kama alivyokuwa akitutazama tukikosea mstari, akingoja tu tuimbe sawasawa.

"Ni hivyo tu, Mwalimu."

Alinyoosha mkono akapita mbele yangu. Alibana droo pande mbili kama alivyoniona nikifanya, ikashuka. Akavuta kifuniko, akaitoa filta, akaigeuza, akaangalia mshale, akairudisha. Akafunga. Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Akafungua tena.

Mteja aliniita ndani, akataka plagi. Nilimpimia, nikamfungia, nikahesabu chenji nikakosea, nikahesabu upya. Nilipotoka nje Mwalimu alikuwa bado ameinama upande wa abiria, anafungua, anatoa, anarudisha, anafunga.